Umenunua simu mpya na unaishi Ngara? Anza na saa

Umetoa nailoni, umeweka laini, umepiga selfi ya kwanza. Hongera kwa simu mpya! Ila kama unaishi Ngara, au uko Biharamulo na una safari ya kwenda Kabanga au Rusumo, kuna jambo la kufanya kabla hujaanza kupakua programu. Cheki kama hiyo saa iliyo juu ya kioo inasema kweli.

Mimi nilijifunza kwa kuachwa na basi. Nililala gesti karibu na mpaka, nikatega alamu ya saa 11 na nusu alfajiri kwa ajili ya basi la saa 12. Alamu ikalia, nikaoga taratibu, nikafika stendi simu ikisoma saa 12 kasoro dakika tano. Nikakuta wanafagia. Muuza chai akanionyesha saa yake ya mkononi: inakaribia saa 1. Usiku ule mimi nilikuwa kitandani Tanzania, simu yangu ilikuwa imeshahamia Burundi.

Iko hivi. Tanzania inafuata majira ya GMT+3, Rwanda na Burundi wanafuata GMT+2. Kabanga ikiwa saa 1 asubuhi, pale ng'ambo Kobero ni saa 12. Simu nyingi za kisasa hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa zichukue saa kutoka kwenye mtandao. Na mawimbi ya mnara hayagongi muhuri uhamiaji. Ngara ni nchi ya vilima, kwa hiyo ukiwa juu ya kilima kinachotazama ng'ambo, mnara wa jirani unaweza kushika vizuri kuliko wa kwetu. Mtandao wako ukiyumba, na laini yako inaruhusiwa kutumia mitandao ya nje (ndiyo romingi hiyo), simu inajihamia yenyewe bila kukuuliza.

Biharamulo mjini ni mbali na mpaka, huko shida hii si ya kila siku. Wanaoijua ni madereva na wafanyabiashara wanaotoka Lusahunga, wanapita Nyakahura, kisha wanashuka Rusumo.

Kuchelewa basi ni kitu kidogo. Kuna mtu anakunywa dawa kwa saa maalumu, ARV kwa mfano, na alamu ya simu ndiyo inayomkumbusha. Kuna mwanafunzi ana mtihani. Hao saa moja inawagharimu.

Jinsi ya kurekebisha saa

Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya tarehe na saa. Kila kampuni inaificha mahali pake, ila mipangilio ya simu nyingi ina kisanduku cha kutafutia juu, andika humo tu. Ndani utakuta swichi mbili. Moja ni ya saa kujipanga yenyewe, nyingine ni ya majira ya eneo kujipanga yenyewe. Zima hiyo ya pili, kisha chagua mwenyewe Dar es Salaam. Ukikuta Nairobi chagua hiyo hiyo, majira ni yale yale. Ile ya kwanza iache imewashwa.

Wengi wanakosea hapa. Wakiona saa imerudi nyuma, wanaisogeza mbele kwa mkono na kuacha majira ya Kigali au Bujumbura. Kioo kitaonyesha saa sahihi, lakini hesabu ya ndani ya simu inakuwa imezidi saa nzima. Ukivuka kwenda bara, majira yakijirudisha, unavurugika upya.

Upande wa hela

Saa ikibadilika yenyewe, jua simu iko kwenye mtandao wa nje, na hapo hela iko hatarini pia. Kwa kawaida bando la ndani halifanyi kazi kwenye romingi: data inakatwa kwenye salio kwa bei nyingine, na hata kupokea simu kunaweza kulipiwa. Mpango wa nchi za Afrika Mashariki wa kushusha gharama za romingi ulianza mwaka 2014 na Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania na Burundi hazikuwemo mwanzoni.

Dalili ya kwanza ni herufi R ndogo pembeni ya mistari ya mtandao. Ukiiona, zima data kwanza. Halafu ingia mipangilio ya laini, zima data ya romingi. Kama simu ina laini mbili, fanya kwa kila laini. Wengi wanazima moja wanasahau nyingine.

Lakini kuzima data ya romingi hakuzuii simu kuhamia ng'ambo kwa ajili ya kupiga na kupokea. Ili ibaki nyumbani, kwenye mipangilio hiyo hiyo ya laini zima uchaguzi wa mtandao wa kujipanga, subiri orodha itokee (inaweza kuchukua dakika kadhaa, usikate tamaa), kisha chagua mtandao wako wa Tanzania. Angalia vizuri, kwa sababu Airtel iko Tanzania na Rwanda pia. Wakati mwingine orodha inaleta namba badala ya majina. Tarakimu tatu za mwanzo ndizo za nchi: 640 ni Tanzania, 635 Rwanda, 642 Burundi. Andika hizo mahali.

Ubaya wa njia hii ni kwamba mnara wa kwetu ukizima, simu inabaki bila mtandao hadi urudi. Mimi naona bora hivyo kuliko salio kuyeyuka usiku. Ukivuka mpaka kweli, rudisha uchaguzi wa kujipanga, na alamu zako zihesabu upya.

Ukimaliza, sasa furahia simu. Kama ina redio ya FM, chomeka earphone za waya, ndizo zinazokuwa antena, na utasikiliza Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanza mwaka 1995 wakati wa kambi za wakimbizi, bila kutumia hata MB moja.

Kitu kingine, hasa kama simu umeinunua mkononi mwa mtu: bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, itume kwa meseji kwenda 15090, utajibiwa ni ya simu gani. Jina likija tofauti na lililoandikwa mgongoni, mrudie aliyekuuzia leo leo.