Kadhi wa Wilaya Zanzibar: kutoka Sheria ya 1985 hadi ya 2017

Kadhi wa wilaya ndiye hakimu wa ngazi ya kwanza Zanzibar katika ndoa, talaka, malezi ya watoto na mirathi ya Waislamu. Enzi za masultani wa Al Busaidi walikuwapo makadhi wa Kiibadhi na wa Kisunni. Sheria ya Mahkama za Kadhi ya 1985 iliweka kadhi wilayani. Rufaa ikaenda kwa Kadhi Mkuu, kisha Mahkama Kuu. Huko ndiko mwisho, kwani Katiba ya Zanzibar ya 1984 haipeleki kesi hizo Mahkama ya Rufani ya Tanzania.

Sheria hiyo ilikuwa na pengo kubwa: haikutaja mgao wa mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Mke aliyechangia matofali na mabati aliweza kutoka na nguo zake tu. Jumuiya za wanawake zilidai mabadiliko kwa miaka mingi, hadi Baraza la Wawakilishi likapitisha Sheria Namba 9 ya 2017 badala yake. Sasa kadhi anaweza kugawa mali hiyo, ikiwa mchango umethibitika.

Kuthibitisha ndiko kunakotugusa sisi wa Ghuba. Nyumba ngapi za Unguja na Pemba zimesimama kwa pesa za Muscat na Dubai, zilizopitia mikononi mwa kaka au mjomba, na kiwanja kimeandikwa jina la mume? Asiyeweka risiti za kutumia pesa hubaki na mashahidi, na wengine wameshatangulia mbele ya haki.