Tumbaku, Amri na Askari: Yaliyowapata Majirani



Usiku wa tarehe 26 Machi 2020, Afrika Kusini ilifunga milango yake ili kuuzuia ugonjwa wa korona. Miongoni mwa mambo yaliyokatazwa usiku ule ni uuzaji wa tumbaku ya kila namna. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi: ugonjwa ule ulishambulia mapafu, na wavutaji wana desturi ya kupokezana kipisi kimoja mdomo kwa mdomo. Tarehe 23 Aprili Rais Cyril Ramaphosa alisema sigara zingeruhusiwa tena. Siku sita baadaye Waziri Nkosazana Dlamini-Zuma akatangaza kwamba la, katazo linaendelea. Likaendelea hadi tarehe 17 Agosti, yaani karibu miezi mitano.

Tunaianza historia hii mwishoni kwa makusudi, kwani liko swali linaloulizwa mara kwa mara, tena na watu wenye nia njema kabisa. Ikiwa Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, kwa nini serikali zisiipige marufuku moja kwa moja, na mvutaji akakamatwa kama anavyokamatwa mwenye bangi? Swali hilo ni la daktari na la mbunge. Lakini ni la askari pia, maana sheria ikishatiwa sahihi, anayeibeba mkononi kwenda nayo mtaani ni yeye.

Basi huko Afrika Kusini waliibebaje? Ili kulinda amri zote za wakati ule, bunge liliarifiwa kwamba askari jeshi zaidi ya 70,000 wangeweza kuitwa kuwasaidia polisi. Vizuizi viliwekwa barabarani, magari yakapekuliwa. Hata hivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipowahoji wavutaji, zaidi ya tisa katika kila kumi ya wale waliokuwa hawajaacha walikiri kwamba wameendelea kununua sigara. Bei ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu, na fedha hizo hazikupita katika hazina ya serikali. Mto Limpopo, ambao ni mpaka na Zimbabwe, ukawa njia ya mizigo ya usiku. Wako walioacha kuvuta katika miezi ile, na haki hiyo tusiinyime amri ile. Lakini katazo lilipoondolewa, wafanyamagendo hawakurudi makwao. Walikwisha pata wateja na njia, na baadhi ya njia hizo zilipita mbele ya macho ya watu waliovaa sare. Mahakama Kuu ya Western Cape ilitamka mwezi Desemba 2020 kwamba katazo lile lilikuwa kinyume cha katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali hivyo mwaka 2022.

Mtu anaweza kusema: walishindwa kwa sababu ya ulegevu, adhabu zingekuwa kali wangefaulu. Huyo na tumpeleke kaskazini, zamani kidogo.

Nchini Ethiopia alitawala Mfalme Yohannes wa Nne, kuanzia mwaka 1872 hadi 1889. Kanisa la nchi ile lilikuwa likiichukia tumbaku tangu zamani, naye mfalme akaitungia adhabu. Wanahistoria wanasimulia kwamba mvuta kiko alikatwa midomo na mnusa ugoro alikatwa pua. Nchini Sudan, Muhammad Ahmad, aliyejitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881, naye aliharamisha tumbaku pamoja na pombe, na aliyepatikana nayo alichapwa viboko. Rudolf Slatin na padri Joseph Ohrwalder, waliokaa mateka huko kwa miaka mingi, wameandika juu ya amri hizo. Khartoum ilipoanguka tarehe 26 Januari 1885, Jenerali Gordon aliyeuawa pale alikuwa mvutaji asiyekaa bila sigara.

Wafalme hawa wawili walikuwa mahasimu, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu, na dola zao zilikutana vitani. Tarehe 9 Machi 1889, pale Gallabat mpakani, jeshi la Yohannes lilipambana na jeshi la Khalifa Abdallahi, mrithi wa Mahdi, na Yohannes akapata jeraha lililomwua. Ni ajabu ya historia: maelfu ya watu walikufa siku moja katika vita baina ya serikali mbili ambazo, kama kuna jambo zilikubaliana, ni kwamba mvuta tumbaku aadhibiwe.

Tuitazame vizuri sababu ya makatazo haya, kwa kuwa hapo ndipo penye funzo kwa mlinda sheria. Haikuwa afya. Wakati ule hapakuwa na aliyejua habari za saratani ya mapafu. Uthibitisho wa waziwazi ulitolewa mwaka 1950, na Richard Doll na Austin Bradford Hill huko Uingereza. Kwa Yohannes, kiko kilikuwa alama ya watu wasio wa kanisa lake, hasa Waislamu, ambao alikuwa akiwashurutisha kubatizwa. Kwa Mahdi, tumbaku ilikuwa desturi ya Waturuki, yaani watawala waliotoka Misri na ambao yeye alikuja kuwaondoa. Kwa hiyo aliyetumwa kutafuta tumbaku alikuwa, kwa kweli, ametumwa kutafuta watu. Sheria inayoadhibu kitu kidogo kinachokaa mfukoni ina hatari hiyo siku zote: inampa askari ruhusa ya kupekua mfuko wa mtu yeyote, na asiyependwa ndiye hupekuliwa kwanza.

Na hao Waturuki wenyewe, walikwisha pita njia ile ile miaka 250 kabla ya Mahdi. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuteketeza sehemu ya Istanbul, Sultani Murad wa Nne aliamuru kwamba mvutaji auawe. Hakuwa akitania. Alipokwenda na majeshi kuiteka Baghdad mwaka 1638, askari waliokamatwa wakivuta waliuawa mbele ya wenzao. Mwandishi mmoja wa hesabu za jeshi, Katip Çelebi, ameandika kwamba askari wengine walificha viko vifupi ndani ya mikono ya nguo zao, wakapata nafasi ya kuvuta hata wakati wenzao wakiuawa, na kwamba katika kambi za Istanbul watu waliingia chooni kuvuta. Yeye mwenyewe hakuipenda tumbaku. Lakini aliona kwamba kadiri Sultani alivyozidi kuua, ndivyo tamaa ya watu ilivyozidi. Murad alikufa mwaka 1640, na haukupita muda mrefu amri yake ikafifia. Tumbaku ikaendelea mbele.

Aliyewahi kukesha lindoni hatashangazwa na askari wale. Tena tusisahau kwamba majeshi mengi ya karne iliyopita hayakumkataza askari sigara, yalimpa. Katika vita vya 1914 hadi 1918 na vya 1939 hadi 1945, sigara zilikuwa sehemu ya posho ya askari wa Uingereza na wa Marekani kama biskuti na nyama ya kopo. Vijana wa Afrika Mashariki waliokwenda na King's African Rifles hadi Abisinia, Madagaska na Burma walitumikia chini ya desturi hiyo. Jeshi la Marekani liliziondoa sigara katika posho ya vitani mwaka 1975 tu, miaka 11 baada ya mganga mkuu wa nchi ile kutangaza rasmi kwamba sigara husababisha saratani. Kumgawia kijana sigara vitani, kisha kumshtaki kwa kuvuta akiwa mzee, hilo lingekuwa deni la ajabu kudaiwa.

Je, basi, tuseme kwamba serikali inyamaze? La hasha. Majirani zetu wa karibu wameshika njia nyingine, inayomwandama muuzaji na mahali badala ya mwili wa mvutaji. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2007, Uganda mwaka 2015. Sisi wenyewe tulikuwa na yetu tangu mwaka 2003. Sheria ya Uganda ndiyo kali kuliko hizo: hairuhusu kuuza sigara moja moja, haimruhusu aliye chini ya miaka 21 kuuziwa, inakataza shisha, na inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Kampuni ya British American Tobacco ilikwenda katika Mahakama ya Katiba kuipinga. Mwaka 2019 mahakama ikaitupa kesi hiyo.

Katika sheria ya namna hii kosa lina mtu wa pili anayeumia: mtoto anayeuziwa, abiria anayefukizwa moshi ndani ya basi. Askari akiingilia kati, yuko anayemshukuru. Katika ile ya Yohannes hakuwako. Kwa maoni yetu tofauti hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko urefu wa kifungo au uzito wa faini. Ni kweli kwamba utekelezaji unalegalega. Sigara moja moja bado zinauzwa kwenye vibanda vya Kampala, na hatujasikia bado askari aliyetoka kituoni na futi kamba ya kupimia mita 50.

Linabaki suala la mkulima, ambalo wapenda marufuku hulipita haraka. Malawi imeishi kwa tumbaku kwa miaka mingi; karibu nusu ya fedha zake za kigeni, na wakati mwingine zaidi, zimetoka katika minada ya Limbe na Lilongwe. Nchi ile ilikaa nje ya Mkataba wa kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, hadi mwaka 2023 ilipojiunga. Haikuahidi kung'oa mashamba. Huko Tabora na Urambo hali tunaijua: jani hilo limejenga nyumba za bati na kulipa karo, na moto wa kulikausha umekula misitu ya miombo kwa maili nyingi. Mkulima yule hawezi kuambiwa aache leo kabla hajaonyeshwa zao jingine lenye mnunuzi.

Afrika Kusini nayo, baada ya masaibu ya mwaka 2020, haikurudia katazo. Mwezi Desemba 2022 ilipeleka bungeni muswada wa kudhibiti matangazo, maonyesho madukani na uvutaji mahali pa umma, na wabunge wakazunguka mikoani kusikiliza maoni ya watu. Waliofika kutoa maoni walikuwa wauguzi, wenye maduka madogo, wakulima, na wavutaji wenyewe.