Pesa za wazee na hoja ya uvivu: ilitoka wapi?

Mdahalo ukifika kwa pesa za wazee, lazima mtu aseme: mkiwapa watu pesa za bure mnawafanya wavivu. Mwenzake anajibu kwamba hizo pesa zitamaliza umaskini. Wote wanapigiwa makofi. Nimechoka kusikia hii hoja kana kwamba ilizaliwa jana, kwa hivyo uzi wa leo ni wa historia. Tunaanzia mbali kidogo.

Mei 1795, Uingereza. Bei ya mkate imepanda vibaya. Mahakimu wa kaunti ya Berkshire wanakutana mahali panaitwa Speenhamland na kukubaliana: kibarua ambaye mshahara wake haulishi familia ataongezewa na parokia, kulingana na bei ya mkate na idadi ya watoto. Mtindo huo ukaenea kusini mwa nchi. Matajiri waliolipa kodi ya kuwasaidia maskini wakalalamika, na mwaka wa 1832 tume ikaundwa. Tume ikaandika kwamba msaada unazaa uvivu. Sheria ya 1834 ikaja na dawa yake: unataka msaada, ingia nyumba ya kazi, na maisha ya humo ndani yafanywe makusudi kuwa mabaya kuliko ya kibarua maskini kabisa aliye nje.

Mwaka wa 1963 mwanauchumi Mark Blaug alirudi kwa ushahidi wa hiyo tume na kuonyesha kwamba haukubebi hitimisho lake. Mishahara ya mashambani ilikuwa midogo na kazi ilipotea msimu wa baridi. Msaada ulifuata umaskini, haukuuleta. Lakini karibu miaka 130 ilikuwa imepita, na watu walishaamini.

Hapa kwetu hoja hiyo haikuja kukata msaada, maana hakukuwa na msaada wa kukatwa. Ilikuja na kodi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba, kisha kodi ya kichwa. Mbele ya tume ya wafanyakazi ya 1912–13, walowezi walilalamika kwamba Mwafrika hataki kazi. Kwa nini? Kwa sababu ana shamba, ana mifugo, anakula. Wengine wakapendekeza kodi ipandishwe na ardhi yake ipunguzwe ndio atoke aje kwa mashamba yao. Someni hapo polepole. Huyo anayeitwa mvivu alikuwa analima. Kosa lake ni kwamba hakuwa anamlimia mlowezi.

Baada ya uhuru tukapata NSSF, 1965. Sawa, lakini ilijengwa kwa mtu mwenye mwajiri. Mama mboga, mvuvi na mfugaji waliachiwa familia zao. Na familia ilibeba, mpaka UKIMWI ukaja ukaondoa kizazi cha katikati na kuwaacha mashosho na wajukuu. Ndipo mwaka wa 2004, kwa msaada wa UNICEF, serikali ikajaribu kulipa familia 500 zinazolea mayatima huko Kwale, Garissa na Nairobi, shilingi 500 kwa mwezi. Hizi pesa tunazogombania leo zilianza na watoto waliofiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikafanya hifadhi ya jamii kuwa haki. Kufika 2018, waliofika miaka 70 na hawana pensheni nyingine wakaanza kulipwa bila kuulizwa kwanza kama ni maskini.

Je, pesa zilileta uvivu na pombe? Hili si la kubishania bure, limepimwa hapa hapa. Rarieda, Siaya, shirika moja liliwapa watu pesa bila masharti, na watafiti Haushofer na Shapiro wakalinganisha waliopata na waliokosa. Matumizi ya pombe na sigara hayakupanda. Kitu kilichonigusa zaidi ni kingine: waliolipwa kidogo kidogo kila mwezi walikula vizuri zaidi, na waliopewa kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu, kama mabati ya nyumba.

Kwa hivyo hata wale wa upande wa "tutamaliza umaskini" wananiudhi kidogo. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni pesa ya chakula. Inazuia mtu asianguke zaidi, asiuze mbuzi wa mwisho, asimtoe mtoto shule. Mtaji haitoshi kuwa. Na hiyo 2,000 imekaa pale pale zaidi ya miaka kumi huku unga ukipanda. Mkitaka inayomwinua kijana mwenye nguvu, hiyo ni programu nyingine, na semeni itagharimu ngapi.

Shosho yangu ana miaka 76. Zikiingia, kwanza ni dawa ya presha, halafu unga, halafu deni la duka, na zikibaki ananunua chakula cha kuku. Nilimuuliza kama zimemtoa kwa umaskini. Akacheka, akaniambia siku hizi mwenye duka humkopesha bila kumuuliza maswali, kwa sababu anajua pesa zitakuja.