Kiuno cha mwenye mimba: nani alimpokea mzigo?

Bamama wa Likasi hawatafuti neno la kidaktari kwa maumivu haya. Wanasema tu: "Kiuno inaniluma." Kisha wanaonyesha mahali: mbele, chini kabisa ya tumbo, pale mifupa ya nyonga inapokutana, ao nyuma, juu kidogo ya matako. Kupanda ngazi, kugeuka kitandani, kusimama kwa mguu mmoja ili kuvaa, vyote vinageuka kazi. Historia ya mji wetu imeandikwa kwa tani za shaba, na katika hesabu ile kiuno cha mwanamke hakimo. Tukijaribu kukitafuta, tutakuta kwanza swali moja: nani alimpokea mzigo?

Kwa Waluba, ambao watoto wao wengi walikuja kufanya kazi huku, kulikuwa na sanamu ya mwanamke aliyeketi, ameshika bakuli mikononi. Bakuli lile linaitwa mboko. Wazungu waliita sanamu hiyo "mwombaji", na maandishi ya wakati wa ukoloni yanaeleza kwamba mwenye mimba aliiweka mbele ya nyumba, wapita njia wakatia chochote ndani. Wataalamu wa baadaye wamesahihisha: sanamu ilikuwa zaidi chombo cha waaguzi, na ndani ya mboko mlikaa pemba, ile chokaa nyeupe ya baraka. Pengine ilikuwa na kazi zote mbili. Mimi ninashika jambo moja katika ile habari ya kwanza: mwanamke asiyeweza kulima wala kutwanga hakuhitaji kueleza mengi, na jirani alijua la kufanya. Moja ya sanamu hizo, kazi ya yule fundi anayeitwa wa Buli, iko leo kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Bakuli ni tupu.

Kisha ikaja Minière. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka ya kwanza ilitaka wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Tangu karibu mwaka 1928 ikageuza siasa: mfanyakazi akae miaka mitatu, alete mke, azae watoto kambini. Hapo Jadotville, mji uliorudishiwa jina la Likasi mwaka 1966, bamama wa Panda na Shituru wakajua posho, mizani ya watoto na maternite. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wakubwa wa siasa hiyo, aliitetea katika kitabu mwaka 1946. Tusidharau: watoto wengi waliokoka. Ila kampuni ilihesabu watoto kwa kuwa iliona ndani yao wafanyakazi wa kesho. Mama aliyechechemea mpaka kwenye pima alikuwa njia tu ya kufikia hesabu hiyo.

Baadaye hata hiyo ikapunguka. Gécamines, iliyorithi Minière baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 zilibaki karibu 30,000. Katikati hapo, mwaka 1992 na 1993, jamaa za Wakasai waliofukuzwa nyumbani mwao walilala kwenye kituo cha treni cha Likasi, wengine miezi, wakingoja behewa. Kulikuwamo wenye mimba, na sakafu ya simenti haina huruma kwa nyonga. Ukurasa huo tunaupita haraka mno. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa katika ile "départs volontaires", na mzigo wa nyumba ukawaangukia bamama: makala, unga, maji. Kule Kamatanda wanawake wameinama mtoni wakisafisha mawe ya madini, na mimba haikuwazuia wote.

Leo tunajua zaidi. Mimba inalegeza mishipa inayoshika mifupa ya nyonga, na karibu mwanamke 1 kati ya 5 anapata maumivu haya. Si uvivu, si kurogwa, na kwa kawaida hayamdhuru mtoto. Wengi wanapona miezi michache baada ya kuzaa. Kinachosaidia ni cha kawaida: kulala upande na mto kati ya magoti, kuvaa ukiwa umeketi, kufunga mkanda ao kikwembe kwa nguvu kidogo kuzunguka nyonga, si juu ya tumbo. Ndoo ya maji abebe mwingine, hata kama huyo mwingine ni bwana mwenyewe na majirani wanacheka. Lakini damu, homa, maji kutoka, mkojo unaochoma, ao maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, hayo si ya kungoja siku ya CPN: ni kuenda maternite saa ileile.