Olianda ya waridi na ya njano: anzia kwenye jani

Vichaka hivi viwili vya uzio vyote huitwa olianda, lakini si mmea mmoja. Usianze na ua, angalia jani.

Nerium oleander ina majani marefu, magumu, kwa kawaida matatu yakitokea sehemu moja ya tawi. Huchanua maua ya waridi, meupe au mekundu.

Cascabela thevetia (vitabu vya zamani huiita Thevetia peruviana) ina majani membamba zaidi, yanayotoka moja moja. Ukilikata linatoa utomvu mweupe kama maziwa, nawa mikono. Ua lake mara nyingi ni la njano. Tunda la kijani likiiva huwa jeusi, na ndilo watoto huokota.

Yote miwili ina sumu ya moyo, jani hadi mbegu. Mtoto akitafuna, msisubiri dalili: hospitali moja kwa moja, na tawi mlibebe.