Zamu ya Kusema Hewani

Mwaka jana mimi na wenzangu watatu tulipanda juu ya paa la hosteli yetu, Kikoni, tukiwa na ruta mbili kuukuu na antena mbili. Sisi tulikuwa na intaneti. Hosteli mbili za jirani hazikuwa nayo, na wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kutuchangia pesa. Antena moja tukaielekeza bondeni, ya pili kilimani. Kila jirani akiunganishwa peke yake, mambo yalikwenda vizuri. Tulipowasha zote mbili, kasi ikaanguka, na jioni ile simu nilizopigiwa zilikuwa za watu wanaodai pesa zao.

Mimi nasoma historia, si uhandisi. Kwa hiyo nilijiuliza: kabla yetu, nani katika nchi hizi aliwahi kuunganisha watu wengi hewani kwa vifaa vya bei nafuu, na zamu ya kusema aliipangaje? Historia ya mawasiliano Uganda kama tunavyoizoea huanza na Celtel mwaka 1995, ikapita kwa MTN mwaka 1998, ikafika kwenye nyaya za baharini za mwaka 2009. Hiyo ni historia ya mitambo mikubwa, ambayo hupanga zamu yenyewe ndani kwa ndani. Kifaa kikiwa rahisi, kazi hiyo ya kupanga haipotei. Huhamia mahali pengine.

Kwanza ilihamia kwa watu. AMREF, shirika la madaktari warukao lililoanzishwa mwaka 1957, liliunganisha hospitali na zahanati za mbali na Nairobi kwa redio za mawimbi mafupi. Redio ya namna hiyo haisemi na kusikia kwa wakati mmoja: ukibonyeza kitufe, wewe ni kiziwi. Dawa yake ilikuwa adabu. Unaita, unangoja, unasema kwa ufupi, unamaliza kwa "ova". Sina hakika kama tunalipa neno hilo dogo heshima linayostahili. Lilifanya kazi ambayo leo hufanywa na programu.

Kisha ikahamia angani. Mwaka 1990 ilirushwa UoSAT-3, setilaiti ndogo iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Surrey, na shirika la SatelLife likaitumia kwa mtandao wa HealthNet, uliofika pia Uganda. Setilaiti hiyo ilipita juu ya kituo mara chache kwa siku, dakika chache kila mara. Ilichukua barua, ikazihifadhi, ikazishusha kwingine. Hapo ratiba ilipangwa na mzunguko wa setilaiti, na daktari aliyechelewa alingoja ipite tena.

Lakini mfano ulionigusa zaidi uko Busoga. Mwaka 1996 ulianza mradi wa RESCUER wilayani Iganga, kwa msaada wa UNFPA. Wakunga wa jadi walipewa redio za mkononi, vituo vya afya vikapewa redio za mezani zenye umeme wa jua, na gari la wagonjwa likawa na redio yake. Maria Musoke, mkutubi wa Makerere, aliuchunguza mradi huo. Takwimu zake zinaonyesha kuwa vifo vya uzazi wilayani vilishuka kutoka 500 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 1996 hadi 271 mwaka 1999. Siwezi kuzipa redio sifa zote, maana gari na mafunzo vilikuwapo pia. Hata hivyo, mama anayetokwa damu hana muda wa kungoja watu wawili wanaogongana hewani.

Na kugongana ni rahisi. Wakunga wawili walio pande mbili za kilima hawasikiani, ilhali kituo kinawasikia wote. Kila mmoja anadhani hewa ni tupu, wote wanabonyeza, kituo kinapata kelele. Niliposoma hayo nilikumbuka paa letu. Ruta husikiliza kabla ya kusema, lakini bondeni na kilimani hawakusikiana. Tena, antena yetu moja iliposema, ya pili, hatua mbili tu pembeni yake, haikusikia kitu.

Wahandisi wa India, Bhaskaran Raman na Kameswari Chebrolu, walikutana na tatizo hilo katika viungo virefu vya vijijini, na mwaka 2005 wakachapisha utaratibu walioutia katika ruta za kawaida. Antena zote za mnara mmoja husema pamoja, kisha zote husikiliza pamoja. Minara ya ng'ambo hufanya kinyume chake. Ni "ova" iliyogeuzwa kuwa programu. Ina sharti moja gumu: minara mitatu haiwezi kuunganishwa kwa pembetatu, kwa sababu miwili kati yake itajikuta inasema kwa wakati mmoja.

Sisi hatukufika huko. Tulihamisha antena moja nyuma ya tangi la maji, tukaiweka kwenye chaneli ya 1, nyingine ya 11, na madai yakapungua. Chaneli zisizoingiliana katika ruta zetu ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ya 6 tumekwisha kuiahidi hosteli ya tatu, na juma lililopita ya nne imekuja kuuliza bei.