Madini ya Mgodini na Madini ya Shambani: Masisi na Walikale

Neno madini, litajwapo pamoja na Masisi na Walikale, aghalabu huashiria koltani ya Rubaya au kasiteriti ya Bisie. Makala hii inakusudia kuzungumzia madini mengine: chuma, zinki na madini joto, ambayo mimea huyafyonza udongoni na ambayo binadamu huyapata kwa chakula.

Wilaya hizi mbili zina udongo wa asili tofauti. Nyanda za juu za Masisi zilirutubishwa na majivu ya volkano za Virunga. Udongo wa msitu wa Walikale ni mkongwe, umeoshwa na mvua kwa karne nyingi, na utajiri wake umo katika miti na majani yaozayo. Wanyanga walikata sehemu ya msitu, wakaichoma, wakavuna migomba kwa misimu michache, kisha wakaiacha ardhi ipumzike hadi miti iote tena. Wakoloni walikiona kilimo hicho kuwa ni ubadhirifu, ilhali kilikuwa na hesabu yake.

Hesabu hiyo ilivurugwa kwanza Masisi. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya Kibelgiji iliwahamishia huko maelfu ya watu kutoka Rwanda, huku walowezi wakijitwalia mashamba ya kahawa na pareto. Sheria ya 1973 iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya dola iliwafungulia wenye uwezo njia ya kupanua malisho ya ng'ombe. Mkulima mdogo alisukumwa kwenye miteremko mikali, akalima kila msimu bila kupumzisha shamba. Vita vilivyoanza 1993 vilizidisha hali hiyo, kwani asiye na hakika ya kuvuna hatii samadi wala hajengi matuta.

Udongo ukichoka, zao linaloustahimili ni muhogo. Hapa mfano wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, una mafunzo. Katika miaka ya 1960 watafiti, akiwemo François Delange, waliona kwamba madini joto yalipungua kisiwani kote, lakini rovu lilienea zaidi kaskazini kuliko kusini-magharibi. Baadaye ilibainika kwamba muhogo usioandaliwa vizuri huizuia tezi ya shingo kuyatumia hata hayo madini joto machache. Basi upungufu wa udongo na ufinyu wa mlo vilishirikiana kuleta maradhi.

Chumvi yenye madini joto ni tiba ya rovu. Hata hivyo, chumvi hiyo haileti chuma wala zinki, ambazo muhogo unazo kwa uchache kuliko maharage. Kuyarudisha maharage kwenye sahani kunahitaji samadi, matuta na mapumziko ya ardhi; na hayo yote yanamhitaji mkulima mwenye hakika kwamba shamba litabaki lake. Kwa hiyo historia ya lishe ya Masisi na Walikale haitenganiki na historia ya umilikaji wa ardhi yake.